Hita ya sauna kwa stoo ya mawe Kiamunyi: chukua kilowati 6

SWALI: Injinia, salamu. Mimi na mke wangu tumejenga Kiamunyi, Nakuru. Nyumba ni ya mawe, na nyuma yake kuna stoo isiyotumika, mita 2 kwa 1.8, dari iko mita 2.7 juu. Tangu tuonje sauna, kile chumba cha kukaa kwenye joto kali na mvuke, katika hoteli moja kule Naivasha, mke wangu hana habari nyingine. Muuzaji mmoja amenipigia hesabu akasema nichukue hita ya kilowati 9. Rafiki yangu anasema ya 4.5 inatosha na itakula tokeni chache. Shemeji anasema niachane na stima kabisa niweke ya kuni, maana stima hupotea. Halafu kuna hizi za miale ya infraredi, za kuchomeka tu kwenye soketi. Stima yetu ni ya fezi moja, na tuna shawa ya stima na pampu ya kisima. Nichukue ipi? Na baba mkwe ana presha, anaweza kuingia?

JIBU: Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Kwa chumba hicho, kikishavishwa vizuri ndani, chukua hita ya stima ya kilowati 6. Ya 9 itagombana na stima yako, na ya 4.5 itagombana na chumba. Lakini ukiifunga hiyo ya 6 kwenye stoo ilivyo leo, mawe matupu na dari kule juu, utakaa humo ndani na sweta. Kwa hivyo usitoe pesa kabla hujamaliza kusoma.

Hesabu ya muuzaji wako naiona wazi. Alizidisha 2 kwa 1.8 kwa 2.7, akapata mita za ujazo 9.7, akakumbuka kanuni ya kilowati 1 kwa kila mita 1 ya ujazo, akatamka 9. Kanuni yenyewe si mbaya, sote huanzia hapo. Ila kanuni hiyo inazungumzia chumba ambacho kuta na dari vimeshavishwa kizuia joto na mbao. Ukuta wa mawe ulio wazi, au wa matofali, saruji, vigae, kioo, hunywa joto saa nzima kabla haujaanza kulirudisha. Ndiyo maana watengenezaji wa hita, kina Harvia wa Finland na wenzao, huandika katika vijitabu vyao kwamba kila mita 1 ya mraba ya ukuta wa namna hiyo ihesabiwe kama mita za ujazo 1.2 zaidi.

Tupige basi hesabu yenyewe. Kuta zako nne zina mita za mraba 20.5. Kama juu kuna slabu, ongeza 3.6. Jumla ni 24, mara 1.2, karibu 29. Jumlisha zile 9.7 za mwanzo, unakaribia mita za ujazo 39. Aliyekupa hita ya 9 kwa chumba hicho amekupa robo ya kinachotakiwa, na hakuna hita ya nyumbani itakayoziba pengo hilo. Dawa ni kukivisha chumba.

Anza na dari. Joto hupanda juu, na kwa mita 2.7 utakuwa unalipia kupasha hewa ambayo hakuna kichwa kitakachoifikia. Iteremshe hadi mita 2.1. Usipite chini ya 1.9, kwa kuwa hita nyingi zimeandikiwa urefu huo kuwa ndio wa chini kabisa. Kisha fundi apige fito ukutani, kati yake ajaze sufi ya mawe (rockwool), sentimita 5 kwenye kuta na 10 darini. Juu ya sufi inakuja karatasi ya alumini, upande unaong'aa ukitazama ndani ya chumba, na viungo vyake vyote vibandikwe kwa utepe wa alumini bila kuacha hata kitobo. Acha nafasi ya sentimita 2 hivi ya hewa, ndipo mbao zipigwe. Lile povu jeupe la kupakia televisheni likatae hata ukipewa bure. Kwenye joto la sauna hulainika, na harufu yake haitoki. Mbao zenye utomvu na macho mengi pia zikae mbali na benchi, maana utomvu ukipata moto hutoka, na atakayeugundua kwanza ni mapaja yako.

Sasa pima upya, na hapa ndipo watu wengi hushangaa. Kila ukuta umenenepa kwa sentimita 9 hivi. Chumba chako kwa ndani si mita 2 kwa 1.8 tena, ni 1.82 kwa 1.62, na urefu ni 2.1. Zidisha, ni mita za ujazo 6.2. Kutoka 39 hadi 6.2, na hujagusa hita bado. Hita za kilowati 6 kwa kawaida huandikiwa vyumba vya mita za ujazo 5 hadi 8, kwa hivyo uko katikati kabisa.

Mlango nao uuangalie. Najua mke wako aliona mlango wa kioo kule Naivasha na ndio anaoutaka. Mlango wa kioo wa sentimita 70 kwa mita 1.9 ni mita za mraba 1.3, na kwa hesabu ile ile unaongeza 1.6. Utafika 7.8, bado ndani ya 8 lakini umebakisha ukucha. Mimi ningeweka mlango wa mbao wenye dirisha dogo la kioo. Ukishindwa kwenye mjadala huo wa nyumbani, kioo kitakubalika, ila uvumilie dakika kumi au zaidi za kungoja joto. Vyovyote vile, mlango ufungukie nje na usiwe na komeo wala kufuli. Mtu aliyezidiwa na joto anapaswa kuusukuma tu kwa bega.

Kuhusu kilowati 4.5, hoja ya rafiki yako inasikika vizuri: hita ndogo, tokeni chache. Haiendi hivyo. Hita hizo zimeandikiwa mita za ujazo 3 hadi 6, na wewe umezivuka hata ukiweka mlango wa mbao. Itawaka bila kupumzika, na muda wote huo chumba kinaendelea kupoteza joto nje, hasa usiku wa Julai ambapo Nakuru hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Ni sawa na kuchemsha githeri kwa makaa manne. Mwishowe umekula yuniti nyingi kuliko ungekula na hita inayolingana na chumba, na koili zake zimechoka kabla ya wakati.

Hita kubwa kupita kiasi ina ugonjwa wake pia, na huu hauambiwi dukani. Kihisio cha joto hukaa juu karibu na dari. Hita kubwa katika chumba kidogo hupasha hewa haraka mno, kihisio kinaona nyuzi 85, kinakata stima. Unaingia ukidhani mambo tayari. Unamwaga kikombe cha maji juu ya mawe yaliyopangwa kwenye hita, yanalia kidogo, nusu yanapita katikati na kuchuruzika sakafuni. Hewa ilipata moto, mawe hayakupata. Joto la namna hiyo ni kavu, linachoma pua na masikio, na ndilo linalowafanya watu waseme sauna si kitu cha Mwafrika. Utamu wote wa sauna uko kwenye mawe, na mawe yanahitaji dakika 40 hadi saa moja ya moto thabiti.

Kwa hiyo unapolinganisha hita mbili za kilowati 6, uliza zinabeba mawe kilo ngapi. Za kufunga ukutani nyingi hubeba kilo 20 hivi. Zile za mnara, zinazosimama sakafuni mawe yakiwa wazi pande zote, zinaweza kufika kilo 80 au 100. Mnara hutoa mvuke laini unaodumu, lakini huchukua muda zaidi kupata moto na hula nafasi. Kwa chumba chako na kwa watu wawili wanaoingia jioni baada ya kazi, ya ukutani inafaa. Ningekuwa na chumba kikubwa na marafiki wa kukaa nao mpaka usiku, ningechukua mnara.

Sasa tuje kwenye stima, ambako ndiko sauna nyingi za nyumbani hukwama.

Nenda kwenye boksi ukasome namba kwenye breka kuu. Tuseme ni ampea 60. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Gawanya wati kwa volti, unapata ampea. Kilowati 9 ni ampea 37.5. Shawa ya stima, nyingi zikiwa kilowati 5 hivi, ni 21. Birika la kilowati 2 ni 8 na kidogo. Umeshafika 67 na pampu ya kisima haijaamka. Breka kuu itaruka, nyumba nzima gizani, na wewe uko ndani ya sauna na taulo. Weka 6 mahali pa 9 uone: 25, na 21, na 8, jumla 54. Unapita, ingawa kwa kubanabana. Mkubaliane tu kwamba hita ikiwaka, shawa ya stima na pampu zipumzike. Bahati nzuri anayetoka sauna hutaka maji baridi, na maji ya tangi ya Kiamunyi hayahitaji kusaidiwa katika hilo.

Mwenye fezi tatu ana raha zaidi. Kwake kilowati 9 hugawanywa, ampea 13 kwa kila fezi, na waya zinakuwa nyembamba. Lakini kuomba fezi tatu Kenya Power kwa ajili ya sauna pekee sikushauri. Hita nyingi za 6 zina koili tatu za kilowati 2, na vibati vya kuunganisha vilivyo ndani ya boksi la nyaya hupangwa ama kwa fezi moja ama kwa tatu. Zingine zimefungwa kwa fezi tatu tu. Muulize muuzaji swali hilo hilo, na akuonyeshe mchoro ndani ya kijitabu. Akikosa kijitabu, ondoka. Kibati cha hita nacho kiwe na volti, kilowati na namba ya kiwango, IEC 60335-2-53, ambacho ndicho kiwango cha hita za sauna za umeme duniani.

Kuna jambo la volti ambalo wauzaji hawaligusi. Hita za Ulaya huandikiwa volti 230, na nguvu yake hupanda au kushuka kwa mraba wa volti. Ukiipa 240 kamili, ile ya 6 inatoa 6.5 na kuvuta ampea 27. Ukiipa 200, inatoa 4.5. Yaani jioni, majirani wote wakiwa wamewasha shawa na stima ikalegea, umenunua ya 6 na unatumia ile ya rafiki yako. Kabla ya kununua, mwombe fundi apime volti kwenye soketi ya stoo kati ya saa moja na saa tatu usiku, siku mbili tatu. Ikiwa inakaa 225 kwenda juu, vyema. Ikiwa inashuka hadi 200 kila jioni, hilo ni la kupeleka Kenya Power kwanza, maana hata friji yako inaumia.

Laini ya hita iwe peke yake kutoka kwenye boksi, na breka ya ampea 32 na kebo ya shaba ya milimita za mraba 6. Kama stoo iko mbali sana na boksi, weka ya 10. Nasema shaba kwa sababu madukani kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu, na macho hayatofautishi mpaka uikwaruze kwa kisu. Ndani ya sauna, kebo ya mwisho inayoingia kwenye hita lazima iwe ya mpira, ile iliyoandikwa H07RN-F. Ile ya plastiki ya kawaida hukauka kwa joto, ikapasuka kama ganda. Boksi la kuunganishia likae chini, lisivuke sentimita 50 kutoka sakafuni, kwa sababu chini ndiko kuna baridi. Nje ya mlango kuwe na swichi kubwa ya kukata kila kitu.

Waya wa ardhi usiuchukulie mzaha. Udongo wetu wa majivu ya volkano ukikauka haushiki ardhi vizuri, na nondo moja iliyopigwa ardhini wakati wa mvua inaweza kuwa bure kufikia Februari. Ipimwe. Fundi wako pengine atataka kuweka pia ile swichi inayoruka stima ikivuja. Kwa taa ni sawa kabisa. Kwa hita, fuateni kijitabu, kwa maana koili zilizokaa muda bila kutumika hufyonza unyevu hewani, na swichi hiyo huruka kila ukiwasha hata kama hita ni nzima. Koili hukauka zikishapashwa mara chache. Kazi hii yote ifanywe na mtu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Anayekuja na plaisi mfukoni na maneno mengi muachie kazi ya soketi.

Tokeni je? Hita ikiwaka dakika 45 za mwanzo bila kupumzika, umetumia yuniti 4.5. Saa moja ya kukaa ndani, inawaka na kuzimika, kadiria nusu ya nguvu yake, yuniti 3. Jumla 7.5 kwa jioni moja. Ukichukulia shilingi 30 kwa yuniti, ni shilingi 225. Mara mbili kwa wiki ni kama yuniti 60 kwa mwezi, na hapo ndipo pa kuangalia: Kenya Power huwapanga wateja wa nyumbani kwa wastani wa matumizi, wasiovuka yuniti 30, wasiovuka 100, na waliovuka 100. Kama sasa unakaa kwenye 80, sauna itakupandisha daraja, na stima yako yote, hata ya taa, itauzwa kwa bei ya juu. Hesabu gharama hiyo pia, si ya hita pekee.

Mawe, sasa. Usiende kuyaokota Menengai. Najua yako mengi na ni ya volkano, na mtu hudhani jiwe lililotoka kwenye moto haliogopi moto. Yale mepesi yenye vitobo hayana uzito wa kubeba joto, na hunywa maji. Yale meusi yanayong'aa, yanayopatikana kwa wingi upande wa Eburru, ambayo watu wa kale walitengenezea visu, ni kioo asilia. Kioo hicho juu ya koili nyekundu, kisha umwagie maji baridi, kitakurushia vipande usoni. Mawe ya mtoni huficha maji ndani na kupasuka. Jiwe la Tabaka, Kisii, liache kwa wachongaji, ni laini mno na litamomonyoka. Nunua mawe ya sauna yenyewe, peridotiti au olivini diabesi, ya sentimita 5 hadi 10, pamoja na hita.

Yaoshe vumbi kwanza. Yapange kwa kulegea, yakisimama kwa ubavu, hewa ipite katikati. Fundi anayeyashindilia kama anajenga ukuta anaua koili, kwa kuwa joto halina pa kutokea. Lakini koili zisionekane popote, zifunikwe zote. Kila mwaka yatoe, tupa yaliyopasuka au yanayomeguka mkononi, panga upya. Hita nyingi zinazoletwa kwa fundi eti zimeharibika, ugonjwa wake ni mawe.

Na maji. Kisima chako cha Kiamunyi kikiwa kama vingi vya Bonde la Ufa, kina floridi na madini ya kutosha. Ukiyamwaga kwenye mawe, maji yanapaa, madini yanabaki: ukoko mweupe juu ya mawe, kisha juu ya koili, kisha kutu. Watengenezaji hukataa dhamana kwa maji yenye chumvi au klorini nyingi. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, yachuje, weka mtungi mmoja kwa ajili ya sauna tu. Lita mbili tatu zinatosha jioni nzima. Kuna mtu alishawahi kuniuliza kama sauna ya nyuzi 90 ni hatari hapa kwetu kwa kuwa maji ya Nakuru huchemka kwenye nyuzi 94. Hapana. Mawe yenyewe yamevuka nyuzi 200, kwa hivyo mwinuko wetu hayaujui.

Shemeji wako na kuni zake hakukosea sana. Sauna ya kuni ina joto zuri kuliko zote, na haimjui Kenya Power. Ningekuwa na kibanda kilichosimama peke yake kwenye ekari ya Njoro, ningejenga hiyo bila kuuliza mtu. Stoo yako imeegemea nyumba. Bomba la moshi litapita kwenye paa lenye mbao, moshi utaingia kwa jirani, na kila sentimita kati ya bomba na mbao lazima ilingane na kijitabu. Tena Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa, na bomba halivuti kwa nguvu ile ile, kwa hivyo lazima liwe refu, limenyooka, bila viwiko. Ukiamua hivyo siku moja, choma mkaratusi au muwati uliokaushwa miezi sita chini ya mabati. Nguzo za ua za zamani zenye rangi ya kijani-kijani usizitie motoni kamwe. Dawa waliyozipaka ina aseniki, na utaivuta kwenye mapafu.

Stima ikikatika katikati ya sauna, mawe yatakushikilia nusu saa hivi. Jambo moja tu: zungusha kitufe cha hita kiwe sifuri kabla ya kutoka. Vipima muda vya kuzungusha huendelea kuhesabu, na stima ikirudi saa nne usiku hita itawaka peke yake, pengine kuna mtu ameanika taulo juu yake. Nguo haianikwi kwenye hita ya sauna hata ikiwa imezimwa.

Za infraredi nitazipitia haraka. Ni nzuri kwa mtu wa nyumba ya kupanga: kilowati 1.5 hadi 3, soketi ya ampea 13 inazimudu, na dakika 15 ziko tayari. Lakini hewa yake huishia nyuzi 45 hadi 60, hazina mawe, na humwagi maji. Mke wako aliyezoea ule mvuke wa Naivasha atakaa humo mara mbili, kisha kitageuka kuwa kabati la mablanketi.

Baba mkwe. Aende kwanza kwa daktari anayemtibu presha, amwambie waziwazi kwamba ni joto la nyuzi 80, na ataje dawa anazomeza, maana baadhi yake pamoja na joto hushusha presha ghafla mtu akisimama. Akiruhusiwa, akae benchi ya chini ambako joto ni pungufu sana, dakika chache, asiwe peke yake, anyanyuke polepole. Maji baridi ya kushtua mwili asijimwagie. Pombe kabla ya sauna hairuhusiwi kwa yeyote, mzee au kijana.

Hita ikishafungwa, mara ya kwanza iwashe mlango ukiwa wazi na bila mtu ndani. Koili mpya huja na mafuta ya kiwandani, yatatoa moshi na harufu kwa nusu saa hivi, usishtuke. Pima tena volti wakati huo huo hita ikivuta, na uguse breka kwa mgongo wa kidole baada ya dakika 40. Ikiwa ni vuguvugu, sawa. Ikiwa huwezi kuacha kidole hapo, zima, skurubu haijakazwa. Na kabla ya kulipa, nitumie picha mbili: ya breka kuu, na ya kibati cha hita upande wenye namba.